Mwalimu Aliyejifunza Kufunga Maneno

Shemeji yangu alifundisha Kiingereza tangu ndevu zake zikiwa za kuhesabika hadi zikawa nyeupe, na kwa muda wote huo hakuwahi kusema "book". Alisema "buku". Alisema "bedi", "gudi", "desiki", na alipotaka darasa linyamaze alisema "stopu toki" kwa sauti ya kutikisa vioo. Neno lolote la Kizungu lililopita kinywani mwake alilipa irabu mwishoni, kama mgeni anayesogezewa kigoda akae. Watoto walimwita Mwalimu Buku. Wale watundu zaidi walimwita Panya Buku, akiwa amewapa mgongo anaandika ubaoni. Alijua na hakujali. Alisema mtoto anayemcheka mwalimu angalau hajasinzia.

Mimi ni mdogo wa mkewe. Wazazi wetu walipofariki nilikuja kukaa kwao nikiwa bado mtoto wa kuvushwa barabara, na wao ndio walionilea, maana hawakujaliwa mtoto wao wenyewe. Kiingereza changu chote, kidogo nilicho nacho, ni cha kwake, na irabu zake zote zimo. Leo nina cherehani yangu kwenye baraza ya duka la vitambaa, ng'ambo ya barabara kutoka shuleni, na kila siku hakosi mtu anayekuja kupunguza suruali akaniambia, "Shemeji yako alikuwa mwalimu, bwana." Kweli alikuwa mwalimu. Lakini kuna mambo ambayo wenye suruali hawayajui, na bado yamenikaa kooni.

Waliishi katika nyumba ya shule, vyumba viwili na jiko, nyuma ya uzio wa waya. Dirisha la chumba cha kulala lilitazamana na darasa lake, karibu kiasi kwamba dada alisikia somo zima huku akikunja nguo. Dada yangu hakusoma sana, ila mdomo alikuwa nao. Angeweza kubishana na muuza mkaa mpaka muuza mkaa aombe maji ya kunywa. Alimwita mumewe "Mwalimu" hata ndani ya nyumba, hata wakigombana. "Mwalimu, hizo soksi zimeshakufa, zizike." "Mwalimu, ukinyamaza hivyo najua umekosa." Naye alikuwa anatabasamu pembeni ya gazeti, na ukimtazama ungeona kwamba akiitwa hivyo na mkewe anajisikia mtu kuliko akiitwa na darasa zima.

Kisha shule ikapata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakaleta mkuu mpya, mama mmoja nadhifu mwenye viatu vinavyosikika kabla hajafika. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kumchukia, ingenisaidia, lakini hakuwa mbaya. Alisema wazazi wanalalamika kwamba watoto wao wakikutana na watoto wa shule nyingine wanachekwa wakifungua mdomo. Kwa hiyo kila mwalimu wa Kiingereza wa madarasa ya chini atasoma mbele ya mkaguzi, na sauti yake itanaswa. Atakayeshindwa atapangiwa stoo au maktaba. Na nyumba za uani ni za walimu wa darasani, hilo nalo alilisema, kwa upole, akitazama karatasi zake.

Mwalimu alirudi siku hiyo anacheka. "Mimi wa kupimwa matamshi? Mimi?" Dada alimwambia, "Watapima wachoke," akampakulia chakula, na habari ikaishia hapo.

Ila mkuu alimwita tena ofisini. Alimkaribisha chai, akatoa simu yake, akabonyeza. Kumbe alikuwa amesimama nje ya dirisha la darasa akanasa somo. Mwalimu alikaa na kikombe mkononi akisikiliza mzee fulani mwenye kelele akisema, "Openi yua buku. Luku ati ze bodi." Alituambia baadaye kwamba mwanzo hakumtambua huyo mzee. Alikuwa karibu kuuliza ni nani.

Aliingia nyumbani akakaa kwenye kiti cha mlangoni na viatu vyake, kitu ambacho dada hakukiruhusu hata kwa mgeni. Dada hakumgombeza.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Kumbe ndivyo ninavyosema," akajibu. "Miaka yote hiyo. Mtaa mzima nimeufundisha hivyo."

"Na mtaa mzima umepata kazi," dada akamwambia. "Karani wa benki ni wako. Nesi wa zahanati ni wako. Vua viatu."

Hayo ndiyo maneno yake ninayoyakumbuka vizuri, kwa sababu halikupita juma dada akaanguka. Alikuwa anaanika. Nilipoitwa nikakimbia kutoka kwenye cherehani na futi ya kupimia bado imening'inia shingoni, nilikuta nguo nusu ziko kambani na nusu bado ziko kwenye beseni, na dada yuko chini, jicho moja limefunguka zaidi kuliko lingine. Kiharusi. Hospitali walimrudisha kwetu akiwa na mkono wa kulia usionyanyuka, mguu wa kuburuta, na kinywa kisicho na neno hata moja. Alikuwa anaelewa kila kitu. Ukimwambia fumba macho, anafumba. Ukimtania, mdomo unavutika upande mmoja. Ila akitaka kujibu, anafungua kinywa, anasubiri, na hakuna kinachotoka. Mtu aliyekuwa anamnyamazisha muuza mkaa! Nilikuwa natoka nje nalilia jikoni, nikimaliza naosha uso narudi.

Kliniki ya hospitali ilikuwa na mtabibu mmoja ambaye kazi yake ni kuwafundisha watu kama hao kusema upya. Mwanamke mfupi, hana haraka. Alimkalisha dada mbele ya kioo, akamshika taya, akaanza naye kama mtoto mchanga: ba, be, bi, bo, bu. Alimwekea vidole kooni asikie sauti inavyotetemeka. Dada alitoa "bu" moja hafifu, na sote tulipiga makofi kama vichaa.

"Hivi ndivyo mtafanya nyumbani," mtabibu akasema. "Kidogo kidogo, asubuhi na jioni, lakini kila siku. Anzeni na hizi sauti, halafu muingie kwenye neno alilokuwa analisema sana. Alikuwa anasema nini sana?"

"Mwalimu," nikasema. Shemeji akainamisha kichwa.

"Basi hilo. Na msingoje. Miezi hii ya mwanzo ndiyo ubongo unatafuta njia mpya. Ikipita, njia zinakuwa ngumu kupatikana. Nani anakaa naye?"

"Mimi," Mwalimu akasema. Wala hakusita.

Kabla hujauliza, mimi nilijaribu. Nilikuwa nakuja asubuhi kabla ya kufungua kazi na jioni nikifunga, namwogesha, namlisha, nambadilisha. Vyote hivyo alinikubalia. Lakini nikishika kioo tulichotundika kando ya kitanda kwa mazoezi, alikuwa anageukia ukutani. Mimi ni mdogo wake, alinifundisha kufunga kamba za viatu, na hakutaka nimwone anavyohangaika na "ba" mate yakimtoka. Alikuwa anafumba midomo, anakuwa mgumu kama jiwe. Mumewe akikaa pembeni ya kitanda, midomo ile ile ilikuwa inafunguka yenyewe. Nilimwambia shemeji jambo hilo siku ya kwanza. Nilimwambia waziwazi, "Shem, kwangu hataki. Ni wewe tu."

"Najua," akasema. "Tutafanya."

Wakafanya, siku chache za mwanzo. Halafu siku ya mkaguzi ikatangazwa.

Aliyemsaidia Mwalimu alikuwa binti wa chekechea, mwalimu kijana ambaye chuoni kwao walifundishwa sauti na namna zinavyotengenezwa mdomoni. Alikuwa anakuja baada ya masomo, wanakaa sebuleni, na alimfundisha kwa adabu kubwa, anainamisha macho kila anapomsahihisha.

"Mwalimu, samahani, sisi tumezoea kuliacha neno mdomo ukiwa wazi. Maji, nyumba, kitabu, yote tunamalizia na irabu. Wenzetu wanafunga. Ukifika kwenye ile 'k', nyuma ya ulimi inapanda inaziba. Iache hapo hapo. Usiiachie sauti."

"Buku," akasema Mwalimu.

"Bado, Mwalimu. Imetoka na 'u'."

Alimwekea kidole kooni ili ahisi mtetemo unavyopaswa kukatika kabla ya mwisho. Alimshikia kijikaratasi mbele ya midomo: kikipeperuka kidogo hakuna ubaya, hewa inaruhusiwa, sauti ndiyo hairuhusiwi. Alimfundisha kwamba irabu inayotangulia "g" inavutwa na inayotangulia "k" inakatwa, hivyo "bag" na "back" zinaanza kuachana mapema, kabla hujafika mwisho. Ile irabu sugu ilipokataa kabisa kuondoka, alimpa mbinu nyingine, aunganishe neno na jingine linaloanza na irabu, aseme "book on, book in", ili ile "k" ipate pa kuegemea, kisha aliondoe lile la pili taratibu mpaka libaki moja limesimama lenyewe. Ilikuwa kazi ya mikono kabisa. Mimi ninayeshona naijua kazi ya namna hiyo, kufumua pale pale ulipozoea kupitisha sindano.

Na kioo kilihitajika. Kile kile. Nilikuja jioni moja nikakuta ukuta wa pembeni ya kitanda una msumari mtupu, na kioo kiko sebuleni mezani, kimeegemezwa kwenye chupa ya chai. Kati ya sebule na chumba cha dada kulikuwa na pazia tu. Yeye alikuwa amelala nyuma ya pazia, macho yako wazi, anamsikiliza mumewe akisema "book", "book", "book", mpaka giza linaingia.

Niliuliza, "Leo mmefanya mazoezi?"

"Kesho, shemeji. Leo nimechoka mdomo."

Kesho yake ilikuwa kesho nyingine. Asubuhi alikuwa anawahi shuleni kusoma kwa sauti darasani kabla watoto hawajafika, jioni binti wa chekechea yupo, na binti akiondoka anaendelea mwenyewe. Sikuweza kuvumilia. Nilimvuta nje, kwenye uzio, nikamwambia yaliyokuwa moyoni.

"Shem, unamfundisha mkaguzi au unamfundisha mkeo?"

"Usinisemeshe hivyo."

"Nakusemesha hivyo. Mtabibu alisema msingoje. Wewe unangoja nini?"

Alikuwa na kijikaratasi chake mkononi, anakikunja na kukikunjua. "Nikishindwa huo mtihani tunatoka humu," akasema. "Tutampeleka wapi? Kwako? Chumba kimoja, ghorofa ya tatu, ngazi zile? Utambeba mgongoni kwenda chooni? Acha nipite kwanza. Nikipita, nitakaa naye asubuhi na jioni mpaka anitukane."

Ngazi zangu nazijua. Lakini nilimjua na yeye pia. Nusu ilikuwa nyumba. Nusu nyingine ilikuwa yule mzee wa kwenye simu, ambaye alimwaibisha na ambaye Mwalimu alitaka kumzika kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Nilimwambia hilo pia. Alirudi ndani na nikasikia anaanza tena.

Lazima niseme, alijifunza. Mtu wa umri wake, ulimi umeshakomaa, na bado alijifunza. Ile "u" ilipungua ikawa pumzi, pumzi ikawa haisikiki. Alizidisha hadi akaanza kukata na Kiswahili. Alinifungulia mlango akasema, "Karib, shemej."

"Herufi zangu nyingine umezila?" nikamuuliza, na kutoka nyuma ya pazia nikasikia dada anacheka, kile kicheko chake kipya cha upande mmoja. Tulicheka wote watatu. Nataka ijulikane kwamba tulicheka, maana haikuwa nyumba ya kilio kila saa.

Siku ya mkaguzi alivaa koti nililomshonea mwenyewe. Alirudi mchana anakimbia. Nilikuwa namlisha dada uji, na tulimsikia tangu getini.

"Nimepita! Mkaguzi amewasikilizisha wengine sauti yangu! Amesema, huyu ndiye wa kuigwa!"

Alifungua pazia akapiga magoti pembeni ya kitanda, koti na yote. "Nimepita, mwenzangu. Hatutoki. Hapa hatutoki."

Dada alimtazama. Mdomo ulivutika, ukahangaika, midomo ikabana, na akasema, "Book."

Kijiko kilinianguka. Lilikuwa neno kamili, neno la kwanza tangu siku ya kamba ya nguo. Lilikuwa safi, limefungwa mwisho bila chembe ya irabu, kama mkaguzi mwenyewe angelipenda. Mwalimu alilia machozi yanadondoka kwenye koti. "Umesikia, shemeji? Amesema! Alikuwa anajifunza na mimi! Kumbe tulikuwa tunajifunza wote!"

Alikitoa kioo mezani siku ile ile, akakirudisha kwenye msumari wake. "Sasa zamu yako," akamwambia, akavuta kiti. "Ma-ji."

"Book," akasema dada.

"Vizuri. Sasa tazama midomo yangu. Ma."

"Book."

Tulidhani ni furaha. Tulidhani amelipata moja na analifurahia kama mtoto na kiatu kipya, akilichoka atavaa kingine. Mwalimu alitimiza neno lake, sitamnyima haki yake hiyo. Tangu siku ile alikaa kwenye kile kiti asubuhi na jioni, hakukosa. Alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mwalimu yeyote. Alishika vidole vya dada akaviweka kooni kwake mwenyewe, kisha kooni kwa dada. Alitumia mbinu zote za binti wa chekechea akizigeuza kinyume, sasa akitafuta irabu ya kufungua mdomo badala ya kuikimbia. Ba. Bi. Maji. Mwa. Mwa-li-mu. Dada naye alijitahidi, jasho likamtoka kwenye paji, na kila mara alipokusanya nguvu zake zote na kuzitoa, kilichotoka ni kile kile. Akitaka maji, "book". Akisikia maumivu ya bega, "book", kwa sauti ya kuumia. Inzi akitua usoni, "book!", kwa hasira, na ungemtambua kabisa dada yangu wa zamani katika hasira ile. Sauti zote za moyo wake zilikuwepo bado. Neno tu ndilo lilikuwa moja.

Tulimpeleka kliniki tulipopata gari la kumbeba. Tulikuwa tumeshakosa miadi, na mtabibu hakusema kitu kuhusu hilo. Alivuta kiti mbele ya dada akatabasamu.

"Mama, habari za siku nyingi? Mlifanya mazoezi?"

Alikuwa anamuuliza dada, lakini alimtazama Mwalimu. Mwalimu aliangalia mikono yake. Hapo dada akajinyoosha kwenye kiti, akainua kidevu, akasema kwa sauti, "Book."

Alisema ili kumtetea. Mimi namjua. Ndivyo alivyokuwa akimtetea kwa muuza mkaa na kwa majirani na kwa kila mtu aliyemdharau mumewe. Mtabibu alishtuka, akafurahi, akapiga makofi. "Haa! Na Kizungu juu!" Kisha akachukua kikombe kutoka mezani.

"Na hiki?"

"Book," akasema dada, akageuka kumtazama mumewe, kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu kuona kama amepata.

"Vizuri," Mwalimu akasema.

Mtabibu hakuwa anapiga makofi tena. Alionyesha saa ya ukutani. Alionyesha mimi. Kila mara dada alijibu, na kila mara aligeuka kwa Mwalimu, na kila mara Mwalimu alisema "vizuri", sauti inazidi kushuka. Mwisho mtabibu akamwekea Mwalimu mkono begani.

"Na huyu, mama? Huyu ni nani?"

Dada alimtazama muda mrefu. Aliinua mkono wake ule mzima akauweka kwenye goti la mumewe. Midomo ilianza na "m", niliiona, naapa niliiona ikikutana. Kisha ikafunguka na kusema, "Book."

Mwalimu hakuweza kusema "vizuri".

Mtabibu alituita koridoni. Alieleza kwamba inatokea, neno moja linakaa, na kila kinachotaka kutoka kinapitia hapo hapo. Alisema ataendelea kumwona, ila tusijipe matumaini makubwa.

"Ningefanya naye tangu mwanzo," Mwalimu akaanza. "Kila siku, kama ulivyosema. Angesema?"

"Siwezi kukuambia, baba. Wengine wanafanya kila kitu na hawasemi."

"Lakini wengine wanasema."

"Wengine wanasema," akakubali, na akarudi ndani kwa dada.

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia maisha yangu yote. Nilikuwa na maneno yameshapangwa. Nilipomwona amesimama pale koridoni, kidole amekiweka kooni bila kujua, yale maneno sikuyatoa. Hasira ninayo hadi leo, sidanganyi mtu. Ila nilimshika mkono tukamrudisha mgonjwa wetu nyumbani.

Walibaki katika nyumba ile, kama alivyoahidi. Alifundisha vizuri kuliko alivyowahi kufundisha, watoto wake wakafunga maneno kama wenye lugha wenyewe, mkuu akaleta mgeni baada ya mgeni kumsikiliza. Darasa lake liliitikia kwa pamoja, na sauti zao zilivuka uzio na kuingia kwenye dirisha la chumba. Hapo ndipo jambo lile lilipoanza. Watoto wakifika kwenye neno hilo, "Book!", dada alikuwa anawajibu kutoka kitandani, amechelewa kidogo, kwa nguvu zake zote: "Book."

Mara ya kwanza watoto walicheka hadi wakalala juu ya madawati. Mwalimu hakuwagombeza. Aliwaambia, "Ni mke wangu, anasoma na ninyi, na mwenzenu akichelewa anasubiriwa." Watoto ni watu wa ajabu. Walizoea. Walikuwa wanasema neno, wananyamaza, wanageuza shingo upande wa dirisha, jibu linakuja, ndipo Mwalimu anaandika neno linalofuata. Alikuwa analiweka neno hilo katika kila somo, hata somo la wanyama, hata la rangi. Mkuu alijua na akaliacha. Dada naye alikuwa ananisukuma mkono nifungue dirisha mapema, anasubiri zamu yake, amechanwa nywele.

Asubuhi moja nilikuwa naye. Alikuwa hajala kitu tangu jana yake, na kifua kilikuwa kinakoroma. Mwalimu alitaka kubaki. Dada alimwonyesha dirisha kwa kidevu, nenda, akamwambia lile neno lake kwa upole, na Mwalimu akaenda akigeuka nyuma hadi getini. Nilimnyanyua nikamwegemeza kwenye mito ili asikie vizuri. Somo likaanza. Walisoma jua, walisoma mvua. Nilikuwa nimemshika mkono, na nilijua ulipoacha kuwa mkono wake, kabla hawajafika kwenye neno.

"Book!" darasa likasema.

Kisha wakanyamaza, kama walivyofundishwa. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka hata kujibu mimi badala yake. Kupitia dirisha nilimwona shemeji yangu amesimama ubaoni na chaki imenyanyuliwa, hajageuka. Watoto walikuwa wamekunja shingo zao upande wetu. Mmoja akasema, "Mwalimu, hajajibu."

"Tumsubiri," akasema. Alisubiri muda mrefu, kisha akaiweka chaki juu ya meza, akafuta mikono kwenye koti, akaja nyumbani.